Namna ya Kuongoza Wilaya Bila Kushika Kalamu

Hongera, Mheshimiwa. Umepita. Mabango yako bado yako kwenye nguzo za umeme kutoka Bugembe mpaka Wanyange, sura yako imeanza kupauka kwa jua, na vijana wa stegi ya boda wanakuita Chairman hata ukipita umevaa kandambili. Furahia. Hizi ndizo wiki tamu kuliko zote utakazopata katika kiti hicho.

Kisha funga mlango, tuzungumze kama watu wazima. Mwongozo huu ni wa mwenyekiti wa LC5, yaani baraza la wilaya, popote Busoga au Bugisu, na wa meya wa jiji la Jinja au Mbale pia, maana sheria ya Uganda inahesabu jiji sawa na wilaya. Unamfaa yeyote anayetaka kukaa miaka mitano, asifanye jambo la kukumbukwa, kisha arudi kuomba kura akiwa na uso mkavu. Inawezekana. Wenzako wamefanya na wakachaguliwa tena.

1. Soma ibara ya 183 ukiwa umeketi

Katiba ya 1995 inakuita kiongozi wa kisiasa wa wilaya. Kipande hicho kiweke kwenye fremu, ukitundike nyuma ya kiti chako. Usiendelee kusoma mbele ya wageni, kwa sababu mistari inayofuata ndiyo yenye kazi zako: kuongoza vikao vya kamati ya utendaji, kufuatilia utawala wa wilaya, kuratibu mabaraza yaliyo chini yako, kuratibu mambo baina ya wilaya na serikali kuu. Tafuta mpaka kesho mahali palipoandikwa kwamba utasaini malipo. Hutapaona.

Kalamu ya malipo iko mlango wa pili, kwa CAO. Huyu ni ofisa mkuu wa utawala, na ndiye afisa masuuli wa wilaya. Zamani wilaya ilimwajiri yenyewe kupitia tume yake ya utumishi. Marekebisho ya Katiba ya 2005 yakauhamishia uteuzi wake Kampala, kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Wewe umekula vumbi la kila kijiji, umechangia harusi za watu usiowajua, umezika wazee wa koo zote. Yeye alipokea barua. Siku mkichokana itakuja barua nyingine, na wewe hutaulizwa iandikwe vipi. Kwa upande wa jiji mtu huyo anaitwa karani wa jiji, lakini kalamu ni ileile.

Mlango wa tatu ni wa RDC, kamishna mkazi wa wilaya, ambaye kwenye jiji huitwa RCC. Huyo huteuliwa na Rais, na sheria inamtaka akushauri juu ya mambo ya kitaifa yanayoigusa wilaya yako. Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama. Akikushauri, shaurika.

Umebaki na nini? Umebaki na kiti kirefu chenye mgongo wa ngozi, haki ya kusimama wa kwanza kwenye matanga, na sauti. Usidharau. Ukivitumia vizuri, vitatu hivyo vinatosha kabisa.

2. Kila shimo lijue mwenyewe

Wiki ya kwanza, fanya kazi moja ya maana: tembea na daftari uandike kila kitu kilichoharibika, na mbele yake uandike jina la ofisi nyingine.

Anzia Bugembe, barabarani. Malori ya Malaba na Busia yanapita usiku na mchana, wauza nyanya wako hatua mbili tu kutoka kwenye lami, na mvua ikinyesha maji hukaa pembeni mwa barabara kama yamepangishiwa nyumba. Shimo liko hapo hapo, mbele ya kijana wa rolex za chapati na mayai, na kila lori likikanyaga, meza yake ya mayai inapata sehemu yake ya tope. Kijana atakuita: "Mheshimiwa, tusaidie hapa!" Usiogope. Hiyo ni barabara kuu ya taifa, mali ya Wizara ya Kazi na Uchukuzi. Andika: Kampala.

Endelea. Hospitali ya rufaa ya Jinja ni ya serikali kuu. Ile ya Mbale vilevile. Umeme: Kampala. Maji ya bomba: shirika la taifa. Polisi: wana mkuu wao, na si wewe. Mishahara ya walimu inatoka Hazina. Ikifika jioni utakuwa umeondolewa mzigo wote mabegani, ila vitu vichache vya kuudhi: barabara za vijijini za udongo, shule za msingi, vituo vya afya, na takataka. Hivyo ni vyako kisheria. Tutavirudia, usikimbie.

Ukitaka kumchanganya mwananchi zaidi, tumia mpaka. Bugembe ilikuwa na baraza lake la mji mdogo mpaka tarehe 1 Julai 2020, Jinja ilipofanywa jiji siku moja na Mbale. Siku hizo mtu akiwa na malalamiko alijua mlango wa kubisha. Sasa Bugembe ni sehemu ya Divisheni ya Kaskazini ya jiji. Divisheni ina mwenyekiti wake, na kisheria inabaki na nusu ya mapato inayokusanya. Mtu akija na habari ya takataka, muulize kwa upole: "Umeshafika kwenye divisheni?" Akitoka huko atarudi kwako, nawe utamtuma kwa mbunge. Mtu mwenye shamba la kulima atachoka katika mzunguko wa tatu.

3. Usiitaje kodi

Hapa ndipo wapya wengi huumia. Mtu anashinda uchaguzi, anaona hazina ya wilaya ni tupu, anaingiwa na wazo la kukusanya mapato. Ndugu yangu, acha.

Kulikuwa na kodi ya kichwa, ile watu walioiita G-tax. Kila mwanamume mzima alidaiwa, na asubuhi ya msako waume walikimbilia mashamba ya miwa na vinamasi wakiwa na kifungua kinywa mkononi. Ilichukiwa na kila nyumba. Lakini ilikuwa nguzo ya mapato ya serikali za mitaa. Mwaka 2005, uchaguzi wa 2006 ukiwa unabisha hodi, ikasimamishwa. Watu walishangilia. Badala yake, tangu 2008 kuna kodi ya huduma ya mtaa na kodi ya hoteli, ambazo kwa wilaya isiyo na maofisi wala hoteli ni ahadi kwenye karatasi.

Tangu hapo sehemu kubwa kabisa ya bajeti yako hutoka Kampala, nayo nyingi ni ruzuku yenye masharti: hii ya mishahara, hii ya dawa, hii ya madarasa, usiiguse kwa lingine. Fedha huingia zikiwa zimeshaandikwa jina la mtumiaji. Wewe ni mtu wa kuziona zikipita.

Mbele ya watu, sifu kuondolewa kwa G-tax. Sema kodi ile ilidhalilisha baba zetu, na hapo utakuwa umesema kweli. Halafu lalamika kwamba wilaya haina pesa. Ukitenganisha kauli hizo mbili kwa wiki moja, hakuna atakayeziunganisha.

4. Zindua kila kinachosogea

Huna mradi wako, lakini miradi ipo. Programu ya USMID, kwa fedha za Benki ya Dunia, ilitengeneza mitaa na kuweka taa Jinja na Mbale. Si yako, ila mtaa ni mtaa na kamera ni kamera. Fika mapema. Jiwe la uzinduzi lina utaratibu wake: Rais, waziri, mfadhili, na huko chini, karibu na nyasi, kuna nafasi ya jina lako. Usililie nafasi ya juu. Mpiga picha husimama chini.

Ukienda kukagua, vaa gambuti. Zisiwe mpya, gambuti mpya zinamwaibisha mtu kuliko viatu vya ngozi. Zipakwe tope la jana. Inama, shika udongo, usugue kati ya vidole, tikisa kichwa, umtazame mkandarasi bila kusema neno. Hakuna anayejua umegundua nini, na mkandarasi mwenyewe ataanza kutoa jasho. Kisha nenda redioni jioni useme umemwonya vikali.

Programu ya parishi, PDM, inahitaji ustadi zaidi. Rais aliizindua Kibuku, hapa hapa mashariki, tarehe 26 Februari 2022. Shilingi milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka, moja kwa moja kwenye sako ya parishi, yaani chama cha akiba na mikopo, na kaya inakopa milioni 1. Umeona njia inayopita? Haipiti ofisini kwako. Mwenyekiti mjinga atasikitika. Wewe nenda siku ya kukabidhi, mshike mkono mama aliyepata, useme: "Pesa yenu hii imefika." Mwezi unaofuata atakuja yule asiyepata. Mwambie, ukiwa na huzuni ya kweli: "Mama, pesa hii haipitii kwangu." Kauli zote mbili ni sahihi. Ni nadra mwanasiasa kupata bahati ya namna hiyo, kwa hiyo itumie.

5. Mheshimu mwenyekiti wa kijiji, na umwogope kidogo

Utafikiri wewe ni mkubwa kuliko LC1. Kwa ngazi, ndiyo. Sasa tazama kilicho mezani kwake.

Mwenyekiti wa kijiji amekaa chini ya mwembe, kwenye kiti cha plastiki chenye ufa uliokazwa kwa waya. Mezani ana kitabu cha mistari, kalamu ya wino iliyofungwa kwa uzi ili isitembee, na muhuri. Kidau cha wino kimekauka. Anakitemea mate kidogo, anasugua, anagonga. Basi. Yule kijana sasa anaweza kumdhamini nduguye mahakamani. Yule mjane anaweza kuuza kipande chake cha ardhi. Yule mwingine ataenda kuomba kitambulisho. Serikali inampa shilingi 120,000 kwa mwaka, na wananchi wanajua namna ya kujazia.

Zaidi ya hayo, anakaa. Viongozi wa LC1 waliochaguliwa 2001 hawakupigiwa kura tena mpaka Julai 2018, watu wakajipanga mstari nyuma ya wagombea wao. Miaka 17 kwa kura moja! Wewe una mitano, na kila siku mtu anakuhesabia. Ukikutana na LC1, mwamkie wewe kwanza.

6. Jihadhari na mamlaka uliyo nayo kweli

Sasa tufike penye hatari. Mpaka hapa nimekuonyesha usichonacho, na umeona jinsi kinavyokulinda. Lakini sheria haikukuacha mikono mitupu kabisa, na mwenyekiti asiye mwangalifu anaweza kujikuta amefanya kazi.

Kwanza, tume ya utumishi ya wilaya. Inaajiri walimu wa msingi, wauguzi, watendaji wa parishi na kata. Wajumbe wake huteuliwa na baraza lako kwa mapendekezo ya kamati yako ya utendaji, Kampala ikiridhia. Yaani ukipendekeza watu waaminifu, baada ya miaka mitano utakuwa na nesi anayefika saa mbili asubuhi na mwalimu anayejua hesabu anazofundisha. Jambo hilo huwezi kulifuta. Na kila shemeji uliyemwahidi kazi kule kwenye kampeni atakuwa adui. Bora pendekeza wazee wenye usingizi. Kama unapanga kuzichukua nafasi hizo mwenyewe na kuziuza, kumbuka IGG, mchunguzi wa rushwa serikalini, ana masikio, na walionunua nafasi wakakosa ndio mashahidi wazuri kuliko wote.

Pili, bodi ya ardhi. Huteuliwa kwa mkondo wa namna hiyohiyo. Hapo sina utani wa kutosha. Jinja na Mbale viwanja vimegeuka dhahabu. Wewe usiwepo.

Tatu, sheria za wilaya. Baraza lako linaweza kutunga sheria, na hili unaweza kulifanya salama kwa sababu lina breki. Mswada ukipita, unapelekwa kwa waziri, kisha kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali athibitishe kwamba haupingani na Katiba. Kwa hiyo jambo lolote gumu lifanye mswada. Chukua chakula cha shule. Tangu elimu ya msingi bila ada ianze 1997, wazazi wengi wanaamini kuchangia sahani ya mchana ni wizi, na watoto wanakaa darasani mpaka jioni kwa maji ya bomba. Mwenyekiti mkorofi angekwenda parishi kwa parishi, akae na wazazi, akubaliane nao debe ngapi za mahindi kila muhula, na avumilie kutukanwa. Wewe usipate taabu. Peleka mswada. Piga picha ukiuinua juu. Mtoto aliyekuwa darasa la pili atamaliza la saba, na wewe utakuwa bado "unafuatilia Kampala".

Nne, mpango wa maendeleo na bajeti. Baraza ndilo linalopitisha. Hata katika zile ruzuku zenye masharti kuna nafasi ya kuamua darasa lijengwe wapi, kisima kichimbwe kwa nani, greda ianzie barabara ipi. Hapo ndipo penye uongozi halisi wa wilaya, kwenye kurasa ambazo hazina picha, na ndiyo sababu nakuomba usizisome. Ukizisoma utaanza kuuliza. Ukiuliza, CAO ataleta faili. Ukishaona faili, huwezi tena kusema hukujua.

Hilo la mwisho ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ikitoka, wanaoitwa mbele ya kamati ya Bunge ni afisa masuuli na watu wake. Wewe unabaki nyumbani ukitikisa kichwa kwa masikitiko mbele ya televisheni.

7. Lisha thuluthi

Kuondolewa kwako kunahitaji theluthi mbili ya madiwani wote, kwa sababu zilizotajwa kwenye ibara ya 185: kutumia ofisi vibaya, rushwa, mwenendo mbaya, au kushindwa kazi kwa maradhi ya mwili au akili. Kufanya kazi hafifu kwa uso wa tabasamu hakumo waziwazi. Piga hesabu: unahitaji thuluthi moja ya baraza na mtu mmoja wa akiba.

Kamati ya utendaji inaruhusiwa makatibu wasiozidi watano. Hao wapate wale wenye sauti kubwa. Wanaobaki wapewe kamati. Walionyamaza wapewe safari.

Shida itakuwa posho. Sheria inasema malipo ya baraza yasizidi asilimia 20 ya mapato ya ndani ya mwaka uliotangulia. Madiwani watakuja kukulaumu kwamba posho ya kikao haitoshi nauli ya boda. Wajibu: "Basi twendeni tukakusanye ushuru." Hutasikia tena habari hiyo mpaka mwaka ufuatao.

Umri usikusumbue. Mwenyekiti wa wilaya alikuwa na kikomo cha miaka 75. Bunge lilipopiga kura Desemba 2017 kuondoa kikomo cha umri wa Rais, baada ya watu kupigana viti mle ndani, kikomo chako kiliondoka kwenye mswada uleule, bila hata mtu mmoja kurushiwa kiti kwa ajili yako.

8. Nenda Kisumu, urudi

Ziara ya kujifunza haikwepeki. Vukeni mpaka Busia, mwende Kisumu mkaone magavana wanavyoishi. Utaumia. Tangu Katiba ya 2010 Kenya ina kaunti 47, na kisheria zinagawana si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Gavana anateua mawaziri wake mwenyewe, bunge la kaunti likiridhia. Ana bendera kwenye gari. Utakaa kwenye basi la wilaya wakati wa kurudi, kimya, ukitazama miwa.

Usionee wivu usichokijua. Gavana wa Embu, Martin Wambora, alipigiwa kura ya kuondolewa 2014, akawa anaishi mahakamani. Mike Sonko wa Nairobi aliondolewa Desemba 2020. Mwenye bajeti huulizwa bajeti. Wewe ukiulizwa unaonyesha kidole Kampala, na kidole hicho hakijawahi kumpeleka mtu Seneti kuhukumiwa kama gavana.

Mkifika Jinja andikeni ripoti ya ziara. Kurasa 40, picha 30.

Na hali ikichafuka kabisa, madiwani wakagawanyika, mishahara ikakwama, usijiuzulu. Ibara ya 202 inamruhusu Rais kuchukua mamlaka ya wilaya, Bunge likikubali kwa theluthi mbili, na sababu moja inayotajwa ni wilaya yenyewe kuomba. Mamlaka hayo hayazidi siku 90 bila Bunge kuongeza. Wilaya inaendeshwa na mwingine nawe jina lako liko palepale mlangoni. Sijui mapumziko mengine ya kisheria yanayofanana na hayo.

9. Jifunze kwa jirani yako wa Bugembe

Unapokuwa na uchungu wa kukosa mamlaka, panda mpaka Bugembe yaliko makao makuu ya Busoga, ulitazame jengo la Lukiiko, baraza la ufalme. Hapo ni kiti cha Kyabazinga, mfalme wa Busoga. Ibara ya 246 inamkataza kujiunga na siasa za vyama. Inamkataza pia kutumia mamlaka yoyote ya kiutawala, ya kutunga sheria au ya utendaji, ya serikali kuu au ya mitaa. Na hakuna mwananchi anayeweza kulazimishwa kumtii wala kumchangia. Kwa karatasi, yeye ana kidogo kuliko hata wewe.

Sasa kumbuka tarehe 18 Novemba 2023, William Gabula Nadiope wa Nne alipomwoa Jovia Mutesi kwenye Kanisa Kuu la Kristo, hapa hapa Bugembe. Watu walijaa. Hakuna aliyeletwa kwa lori la kampeni. Wewe uliyepigiwa kura hujapata hata robo ya umati huo kwenye mkutano wa bajeti, pamoja na soda.

Nawe usidhani kiti hicho hakina vita vyake. Henry Wako Muloki alipofariki Septemba 2008, Busoga ilivutana kati ya nyumba ya Bulamogi na ya Bugabula, kati ya Edward Wambuzi na Gabula, mpaka Gabula alipotawazwa Septemba 2014. Miaka sita watu walibishana kwa moyo wote juu ya nani akae kwenye kiti kisichosaini chochote. Kwa hiyo mtu anaweza kupendwa bila kalamu. Ila sharti ni kwamba asiwe ameahidi barabara, na wewe tayari uliahidi nne.

Kwa upande wako iga kinachoigika. Tembea polepole. Chelewa kidogo, usichelewe sana. Ongea juu ya umoja. Ukiwa Jinja, kumbusha watu enzi za viwanda, Nytil ikifuma vitambaa na bwawa la Owen Falls likiwa jipya mwaka 1954. Ukiwa Mbale, wakumbushe mji wao ulipokuwa ukisifiwa kwa usafi kuliko miji yote ya Uganda. Wazee watatokwa na machozi. Usikubali mazungumzo yafike kwenye mwaka huu.

10. Ukimaliza vipindi vyako

Watakuja kukuambia ugombee ubunge. Kataa kwa adabu. Mbunge siku hizi huombwa pesa ya ambulensi. Wengine watakushauri udai wilaya mpya. Hilo si baya: nchi ilikuwa na wilaya 33 mwaka 1986 na sasa zimepita 130, na Busoga peke yake ina 11 mbali na jiji. Kila kipande kilichokatwa kilizaa mwenyekiti, CAO na RDC wake, na barabara ileile ya udongo.

Lakini ukitaka ofisi kubwa kuliko zote inayofuata kanuni za mwongozo huu, iko moja. Marekebisho ya 2005 yaliweka kwenye ibara ya 178 serikali za kanda, juu ya wilaya. Busoga imetajwa kwa jina, pamoja na Buganda, Bunyoro, Acholi na Lango, na wilaya zake zinahesabiwa kwamba zilishakubali kuungana, ingawa hazikuwahi kuketi na kukubaliana. Serikali hiyo haijawahi kuundwa. Haina ofisi, haina bajeti, haina CAO wala deni, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuiongoza vibaya. Nafasi iko wazi mpaka leo.